Ryzen 5 5600X na joto la Kisumu: nianze kubadilisha nini?

Mkazi_Kondele
Hamjambo wakuu. Nina prosesa ya AMD, 5600X, kwenye bodi mama aina ya A520, feni ni ile ndogo iliyokuja na prosesa, pawasaplai wati 550, RAM mbili za GB 8, DDR4-3200. Nataka viini vyote sita (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) vikimbie GHz 4.7. Chumba hakina kiyoyozi. Ninunue nini kwanza?

FundiBodi
Bodi. AMD haikuruhusu A520 kuongezewa kasi ya prosesa, hata ufunge feni gani. Tafuta bodi ya B550 ambayo sehemu ya kugawa umeme kando ya prosesa ina bamba la chuma la kutoa joto. Kisha kipozeo cha mnara chenye mirija minne ya shaba na feni ya mm 120. Cha maji usihangaike nacho. Chumba kikitoka nyuzi 21 kwenda 31, prosesa nayo hupanda takriban kumi hizo hizo, na 5600X hujipunguzia kasi ikifika 95.

Hiyo GHz 4.7 usiiweke iwe kasi ya kudumu. Itakudai volti nyingi wakati wote kwa faida ndogo. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi), washa PBO, inayoiacha prosesa ijiongezee kasi, pandisha PPT, yaani kikomo cha umeme wa prosesa, kutoka wati 76 hadi 100 hivi, halafu weka Curve Optimizer, inayopunguza volti za kila kiini, hasi 10 kwa viini vyote. Volti ikipungua, joto linapungua, na kasi ya prosesa inapanda yenyewe.

Mkazi_Kondele
Asante. Nikiipima kwa programu ya Cinebench nusu saa bila hitilafu, inatosha?

Nakuru_Volti
Haitoshi, ndugu. Cinebench hubebesha viini vyote pamoja, na hapo kasi huwa imeshuka. Curve Optimizer ikiwa hasi, hukosea kwenye kazi nyepesi: kiini kimoja kinaruka hadi kasi ya juu kabisa, volti haitoshi, kompyuta inajiwasha upya ukiwa unasoma barua pepe tu. Tumia programu ya CoreCycler, inapima kiini kimoja kimoja. Kitakachokosea kirudishe hasi 5, vingine viache. Mara nyingi vile viini bora ndivyo visivyovumilia, kwa hiyo usishangae. Kagua pia makosa ya WHEA (hitilafu za vifaa) kwenye Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, maana mara nyingine huonekana kabla kompyuta haijazimika.

Pima saa nane mchana. Matokeo ya usiku Kisumu yatakudanganya.

Ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi kwa dakika chache ili mipangilio ya BIOS ifutike, uanze upya. RAM washa XMP tu, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake iliyotangazwa. Na usisasishe BIOS bila UPS (betri ya akiba ya umeme): umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena.