Nimehamia CRS 4, sasa mhariri hawezi kuchapisha habari

zamu_ya_usiku

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada kabla simu haijaita tena.

Natunza seva ya gazeti dogo la mtandaoni hapa Morogoro. Ni WordPress juu ya Apache, Debian 12, na fayawoli ni ModSecurity 2.9.7 yenye kanuni za OWASP CRS 3.3.4 (seti ya kanuni za kutambua mashambulizi ya tovuti), zile zinazokuja na Debian. Zilikuwa zimetulia. Jumamosi usiku, umeme upo, mtoto kalala, nikasema leo nahamia CRS 4.

Nikapakua, nikafungua kwenye /etc/modsecurity/crs4, nikanakili humo crs-setup.conf yangu ya zamani pamoja na misamaha 14 (mistari ya kuzima kanuni zinazozuia watu wema) niliyoiandika kwa mkono. Apache ikagoma kuwaka, inalalamika kuna kanuni nyingine yenye id hiyohiyo. Kumbe owasp-crs.load ilikuwa bado inapakia kanuni za zamani, yaani matoleo mawili kwa pamoja. Nikaielekeza kwenye folda mpya, Apache ikawaka. Nikafungua ukurasa wa mbele, unasomeka. Nikalala kama mfalme.

Leo saa moja na nusu asubuhi mhariri anapiga. Kila akibonyeza kuchapisha, WordPress inamwambia jibu lililorudi si JSON halali. Kwenye logi naona 403 (amezuiwa) kwenye /wp-json/wp/v2/posts, kanuni 949110, ile inayozuia alama za hatari zikifika kikomo, jumla ya alama 15, na juu yake kanuni tatu za kundi la 941. Yaani fayawoli inaiona habari ya bei ya mpunga kama shambulio la XSS, la kupenyeza msimbo kwenye ukurasa.

Kwa sasa nimeweka SecRuleEngine Off, yaani nimezima fayawoli, ili gazeti litoke. Ndiyo, najua. Nirudi 3.3 au kuna kitu nimekiruka?

dada_apache

Pole. Kwanza toa hiyo Off, weka DetectionOnly. Mhariri atachapisha vilevile, lakini logi itaendelea kuandikwa. Ukiwa Off hata hujui nani kapita.

Sasa tatizo lako. Kwenye faili lako la zamani, kanuni 900130, nina hakika uliweka tx.crs_exclusions_wordpress=1. Huo ndio ulikuwa msamaha wa WordPress, ulikuwa ndani ya CRS yenyewe. Tangu 4.0 itoke Februari 2024 misamaha ya WordPress, Nextcloud, Drupal na wenzao imetolewa nje, kila mmoja ni programu-jalizi yake. Ule mstari wako bado unasomwa na unaweka namba 1 mahali fulani, ila hakuna anayeiangalia tena.

Pakua wordpress-rule-exclusions-plugin, mafaili yake yaweke kwenye folda ya plugins ndani ya crs4. Halafu angalia upakiaji, maana owasp-crs.load yako huenda haijui habari za plugins. Mpangilio uwe huu:

```
Include /etc/modsecurity/crs4/crs-setup.conf
IncludeOptional /etc/modsecurity/crs4/plugins/*-config.conf
IncludeOptional /etc/modsecurity/crs4/plugins/*-before.conf
Include /etc/modsecurity/crs4/rules/*.conf
IncludeOptional /etc/modsecurity/crs4/plugins/*-after.conf
```

Ukiiweka before chini ya rules utarudi hapa kesho na swali lilelile.

bandari_kuu

Ndugu yangu, dada amekujibu la mhariri. Mimi linanikera lile ambalo halikupigii simu. Kwenye 3.3 ulikuwa kiwango cha wasiwasi (paranoia level, yaani ukali wa kanuni) cha ngapi?

zamu_ya_usiku

Cha 2, mzee. tx.paranoia_level=2. Kipo palepale kwenye faili, sikukigusa.

bandari_kuu

Basi hukukigusa, na ndiyo shida. Toleo la 4 limebadilisha jina: sasa ni tx.blocking_paranoia_level, na ile executing_paranoia_level ya zamani imekuwa detection_paranoia_level. Jina la zamani halisomwi. Kanuni za 901 zikikuta hujaweka kitu, zinakuwekea 1. Hakuna onyo wala mstari mwekundu, Apache inawaka inacheka. CRS huwa inakagua kama crs-setup.conf ipo kwa kutazama namba ya toleo iliyoandikwa ndani yake, na faili lako la zamani lina namba, basi linapita getini.

Hakikisha mwenyewe. Kila kanuni ikiandika logi inaacha lebo ya kiwango chake. Tafuta:

```
grep -c 'paranoia-level/2' /var/log/apache2/modsec_audit.log
```

Fanya kwenye logi ya wiki iliyopita, kisha ya jana.

zamu_ya_usiku

Ijumaa 212. Jana Jumapili 0.

Nimekaa nikaitazama hiyo sifuri. Jana nilimwambia mke wangu seva imetulia, kengele za uongo zimepungua.

bandari_kuu

Zilipungua kweli, mlinzi alikuwa amelala 😄

Chukua crs-setup.conf.example ya toleo la 4, jaza upya kwa mkono. Usinakili. Anza blocking 1 na detection 2: kanuni za kiwango cha pili zitaandika logi bila kuongeza alama za kuzuia, utaona zingemzuia nani. Ukisharekebisha, pandisha blocking iwe 2.

kevo_254

Hiyo misamaha 14 tupa yote, boss. Anza na sahani safi.

dada_apache

Sikubaliani, Kevo. Mingine ilimgharimu mtu usiku mzima kuipata. Achukue id moja moja aitafute kwenye folda mpya ya rules kwa grep. Isiyopatikana imekufa, maana SecRuleRemoveById (amri ya kuondoa kanuni) ya kanuni isiyokuwepo haisemi kitu. Kundi la 932 hasa limepangwa upya sana.

zamu_ya_usiku

Mrejesho. Nimeweka programu-jalizi, nimejaza faili jipya, nimewasha tena. Mhariri kachapisha saa 8:40 mchana, hajasema asante ila hajapiga pia.

Misamaha: 9 ipo, 5 imekufa, ikiwemo 932100 na 932150 za fomu ya barua kwa mhariri. Hizo nasubiri logi iniambie mbadala wake.

Moja tu imebaki. Nilikuwa nategemea kanuni za 912 kupunguza wanaobahatisha nywila kwenye wp-login.php. Kwenye rules mpya silioni hilo faili.

dada_apache

Limeondolewa, nalo likageuzwa programu-jalizi. Kwa kazi hiyo mimi natumia fail2ban, programu inayofungia anwani zinazokosea mara nyingi, isome logi ya Apache. Ila usifanye leo, lala kwanza.