Moshi mji wa kahawa, na mimi nimeuziwa "kahawa ya kukata tumbo" kwa 120,000. Nina hasira!

Wakuu, kwema? Mtanisamehe, uzi ni mrefu na naandika nikiwa nimefura.

Niko Moshi mjini, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtu. Kazi ya kukaa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linazama. Kilo 91. Anayetaka kuja hapa na "dada si ufanye mazoezi" apite tu, hilo nalijua tangu mwaka juzi.

Kuna mpendwa mmoja tunasali naye, tena tuko kikoba kimoja, anauza kahawa ya kupunguza mwili. Mimi nimezaliwa Kibosho. Nimekulia chini ya mibuni, ada yangu ya shule imelipwa na kahawa ya baba. Halafu natoa laki na ishirini kununua kahawa ya unga kutoka nje, boksi tatu za pakiti kumi kumi, maandishi nusu siwezi kuyasoma. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Ahadi: kilo 12 kwa mwezi, bila kuacha mtori, bila kutembea hata hatua moja. Juu yake nikapewa na chai ya bure ya kunywa usiku, "ya kusafisha".

Hiyo chai ndiyo ilianza kuniaibisha. Nimekunywa Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi napanda Hiace kwenda msibani Marangu. Kiboriloni tumbo likanguruma nikajua ni njaa. Kabla ya Uchira nimeshashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, jasho linanitoka, namwambia konda "mangi, nishushe hapa hapa". Ananijibu "mama, Himo hapo tu, vumilia". Aisee! Nilishuka nikakimbilia nyumba ya watu nisiowajua, nimevaa kitenge cha msiba, naomba choo. Bibi wa watu hakuniuliza hata jina, alinionyesha kwa kidole tu.

Nikamtumia muuzaji ujumbe. Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Mpendwa, hizo ni sumu zinatoka, mshukuru Mungu."

Nikashukuru. Siku ya kumi na moja nikapima, kilo 86. Nikajiona nimeshinda, nikapeleka na ushuhuda kwenye grupu lake la wateja (naomba radhi kwa wote walionunua kwa sababu yangu). Ila usingizi ulikuwa umeniacha. Saa nane usiku macho makavu, mdomo umekauka kama nimelamba saruji, moyo unagonga mpaka nausikia kwenye mto. Chakula nakitazama tu. Nikauliza tena. "Mwili unazoea."

Siku ya 21 nilisimama dukani kumpimia mteja nondo, nikaona giza. Nikapelekwa zahanati. Presha 158 kwa 102. Nesi akarudia kupima mkono wa pili, kisha akaniuliza, "Mama, unatumia nini?" Nilitaka kusema situmii kitu. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshaisikia hiyo hadithi wiki hiyo hiyo. Mimi sijawahi kuwa na presha, hata nilipokuwa na mimba ya mapacha.

Nikaacha. Wiki mbili baadaye mzani unasoma kilo 90.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tuna mteja wetu wa mabati ambaye ni mfamasia. Nikamwonyesha boksi. Hakuuliza nimepungua kilo ngapi, ambalo ndilo swali la kila mtu kwenye grupu. Alilipindua boksi akasoma nyuma. Chai ya usiku: sanamaki. Hii hii ya duka la dawa za asili, ya mtu aliyefunga choo! Akanieleza kwamba sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinakuwa kimeshafyonzwa huko juu kwenye utumbo mwembamba. Yaani mafuta ya mtori yalibaki mwilini, nilichoacha kule Uchira ni maji.

Kahawa yenyewe: orodha ya mimea mitano na "mchanganyiko maalumu", hakuna hata kimoja chenye kipimo cha miligramu. Hakuna namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya dawa), hakuna alama ya TBS (shirika la viwango), hakuna jina la aliyeingiza nchini.

Kisha akanitajia kitu kinaitwa sibutramini. Ilikuwa dawa halali ya kukata hamu ya kula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya kahawa na vidonge vinavyoitwa vya asili. Dalili zake: mdomo mkavu, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, presha kupanda. Sisemi yangu ilikuwa nayo, sijaipeleka maabara. Nasema tu dalili nilizisikia zikisomwa kama mtu anasoma shajara yangu.

Akachukua kikokotoo changu cha dukani. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kilo 12 kwa siku 30 ni zaidi ya kalori 3,000 kila siku. "Wewe kwa siku unakula hizo?" Sili! Kwa hiyo hata ningefunga kavu mwezi mzima nisingefika. Hata semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito wanayotumia matajiri, kwenye utafiti mkubwa watu walipungua wastani wa asilimia 15, tena kwa wiki 68, wakifuata na mlo. Kwangu hiyo ni kilo 13 na ushee, mwaka na miezi. Mpendwa wangu kaniahidi karibu hizo hizo kwa mwezi, na mtori juu.

Hesabu ya darasa la saba. Ningeipiga mwenyewe kabla ya kutuma hela, kila siku nawapigia watu hesabu ya mifuko ya saruji!

Nimeomba nirudishiwe hela ya hata boksi moja. Kaniambia nilikosea masharti, nilikunywa maji baridi. Nikaandika presha yangu kwenye grupu, dakika mbili ujumbe umefutwa, dakika tano nimetolewa. Statasi yake ya leo bado ina ushuhuda wangu wa kilo 86, na picha yangu nikiwa na kitenge.

Pakiti tisa ziko hapa kabatini. Jumatano kikoba tunakutana nyumbani kwake, na zamu ya kutoa mkopo ni yangu kusaini. Yeye ndiye aliyeomba.