Mjadala: Je, kuwasaidia maskini wote kunatosha kuziba pengo la kipato kati ya rangi nchini Marekani?

Wachangiaji wenzangu, waliotangulia wamedai kwamba serikali ya Marekani ikiwasaidia maskini wote bila kuangalia rangi, pengo la kipato kati ya kaya litazibika lenyewe. Hoja hiyo ina mvuto, ila mimi naipinga.

Kwa mujibu wa Ofisi ya Sensa ya nchi hiyo, mwaka 2023 kaya iliyo katikati kabisa miongoni mwa Wamarekani weusi ilipata dola 56,490, ya Walatino dola 65,540, ya weupe wasio Walatino dola 89,050, na ya wenye asili ya Asia dola 112,800. Hapa pana mtego: kaya si mtu, na yenye watu wazima watatu wanaofanya kazi huonekana na neema kuliko ilivyo, tena kapu hilo la Asia linawachanganya wahandisi walioingia kwa viza za kazi na wakimbizi wa jamii ya Wahmong waliokimbia Laos baada ya Vita vya Vietnam.

Hata hivyo, tofauti ya weusi na weupe haiyeyuki kwa maelezo hayo. Utafiti wa mwanauchumi Raj Chetty na wenzake, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wavulana weusi waliolelewa katika familia zenye kipato sawa na cha wenzao weupe huishia ukubwani kupata kidogo kuliko wao, hata walipokulia mtaa mmoja. Kwa wasichana, pengo la kipato cha mtu binafsi lilikuwa dogo mno, jambo linalowapa kazi ngumu wanaodai kwamba chanzo ni uwezo wa kuzaliwa nao.

Wala sheria isiyotaja rangi haikosi kuigusa. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, kazi walizofanya weusi wengi wa wakati ule. Wanahistoria bado wanavutana kuhusu nia ya Bunge, lakini matokeo hayana ubishi.

Nakubali kwamba mipango inayotaja rangi hugonga ukuta mahakamani, kama ulivyoashiria uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2023 uliovizuia vyuo kuzingatia rangi katika udahili. Lakini anayetetea kipimo cha umaskini pekee anijibu: wavulana wawili wakitoka katika nyumba zenye kipato kilekile na kupewa ruzuku ileile, ruzuku hiyo itaondoa vipi tofauti inayowasubiri ukubwani?