Tupeane uzoefu: hofu ya kupanda ndege ilikutokaje?

Wakuu, habari za jioni. Kwetu ni Bukoba, naishi Dar. Tangu ile ajali ya Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia ziwani pale nyumbani na watu 19 wakafariki, sijapanda tena. Naenda kwa basi, zaidi ya kilomita 1,300. Mama mkubwa alipofariki nilikuta kaburi limeshafukiwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Sasa mama mzazi anaumwa. Naomba mliopitia hali hii mnieleze mlifanyaje. Kwamba ndege ni salama kuliko basi nimeshaambiwa sana. Akili inakubali, mwili unakataa.

#2
Pole sana dada, Mungu amjaalie mama afya. Mie wa Unguja. Safari yangu ya kwanza ya Muscat nililia njia nzima. Nilikuja kutulia nilipoelezwa zile sauti. Ule mgoto wa chini baada ya kuruka ni magurudumu yanaingia ndani. Kisha rubani hupunguza nguvu ya injini, nawe unahisi mnashuka, kumbe bado mnapanda. Sikio la ndani ndilo linalokudanganya. Na ikitikisika, funga mkanda tu. Wengi wanaoumia ni wasiofunga.

#3
Mimi nilikuwa nakimbilia treni ya SGR kila safari ya Mombasa, hata kazini wakilipia ndege. Nilimwomba daktari dawa ya kunilaza, akakataa, akanituma kwa mwanasaikolojia. Nilimkasirikia, lakini leo namshukuru. Kwanza nilifundishwa kupumua. Ukihema mbiombio unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi, ndipo kichwa kinazunguka na vidole vinaingia ganzi, nawe unadhani unakufa. Vuta ukihesabu hadi nne, toa polepole ukihesabu hadi sita. Halafu tukaenda hatua kwa hatua: video za ndege zikiruka, nikazirudia mpaka zikanichosha, baadaye kukaa karibu na uwanja nikizitazama, mwisho Nairobi–Mombasa, chini ya saa moja. Sharti lilikuwa moja: nisiondoke wakati hofu iko juu, ningoje ishuke yenyewe. Mara ya kwanza nilidhani haitashuka. Ilishuka.

#4
Mimi sijapona, nisikudanganye. Viganja bado vinaloa jasho, ila napanda. Nachagua ndege ya asubuhi kabla jua halijachemsha ardhi, na kiti cha usawa wa mabawa, mtikisiko hausikiki sana. Kahawa na pombe siku hiyo sigusi. Na mwambie mhudumu mapema kwamba unaogopa, usione haya. Yule wangu alikuwa akipita ananishika bega.

#1
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. #3, hapo uwanjani ulikaa muda gani kabla mapigo ya moyo hayajatulia? Jumamosi mdogo wangu atanisindikiza Kipawa, pale uwanja wa ndege, tukazitazame zinavyoruka. Tiketi sijakata bado. Nitaleta mrejesho.