Risiva ya 5.1 kwa mfuko mdogo: wa Unguja na Pemba tupeane uzoefu

Fuoni_Kwetu
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimehamia Fuoni, ukumbi wangu ni mita nne kwa tano, tivi ya inchi 50 ipo tayari. Mfuko laki nne, hauongezeki. Kila duka ninaloingia Mlandege naoneshwa boksi jipya la 5.1, yaani spika tano na sabufa (spika ya besi) moja, nje limeandikwa wati elfu na ushei. Shemeji yangu anasema niachane nalo, nitafute risiva (mtambo unaopokea sauti na kuendesha spika zote, si king'amuzi) ya mtumba na spika za kuokoteza moja moja. Nataka kumsikia mtu aliyenunua kwa pesa yake, akaweka kwenye nyumba za huku kwetu. Na mliojuta semeni, hapa hatuchekani.

PwezaWaNazi
Tutachekana kidogo. Mie nililinunua boksi kama hilo. Mwaka wa kwanza raha mustarehe, watoto wa mtaa wote wanakuja kwangu kutazama mpira. Mwaka wa pili mtambo ukafa. Nikasema si neno, spika nzima, nitatafuta risiva nizichomeke. Nikaipata ya mtumba, fundi akakata zile plagi za rangi rangi, akaunga waya. Ikiwa sauti ya chini, inaimba vizuri. Ukipandisha kidogo tu, *tak*, imezima. Tukadhani risiva mbovu, nikagombana na muuzaji bure.

Fundi wa pili ndiye aliyeigeuza spika akanisomesha. Nyuma pameandikwa ohm 3 (ohm ni kipimo cha ukinzani). Kwenye risiva, pale penye matundu ya spika, pameandikwa ohm 6 hadi 16. Spika ya ohm ndogo inavuta mkondo mkubwa kuliko risiva ilivyoandaliwa kutoa, basi inajizima ijiokoe. Yaani ukinunua boksi umefunga ndoa isiyo na talaka: mmoja akifa, mwenziwe humpati wa kumwoza tena.

Na wati elfu usizitie akilini. Ni chaneli zote zimejumlishwa, na mara nyingi zimepimwa sauti ishaanza kukwaruza. Ukiona kwenye kitabu THD (kiasi cha mkwaruzo) 10%, hizo wati za kuuzia. Risiva ninayotumia sasa ni Yamaha RX-V385, kitabu chake kinasema wati 70 kwa chaneli, zikiwa zinafanya kazi chaneli mbili, kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Sijawahi kuifikisha hata nusu. Jirani anabisha hodi kabla.

Machomane1
Yakhe, kabla ya wati tazama volti. Mie niko Chake, Pemba. Mjomba wangu aliniletea risiva kutoka Marekani, bado inanukia upya, hata nailoni sikuibandua. Nikaichomeka ukutani mbele ya wageni. Haikusema hata *tak*. Moshi, na harufu ya kikaango kilichoungua. Nyuma pameandikwa AC 120V 60Hz, herufi za kuchungulia kwa tochi. Huku kwetu ni 230.

Nilipoipeleka ikatengenezwa (transfoma ya ndani ilikuwa hai, alhamdulillah), nikanunua kishusha umeme. Cha kwanza kilikuwa kidogo, kinachemka kama birika. Tazama risiva inakula wati ngapi, imeandikwa hapo hapo nyuma, kisha chukua kishushio cha angalau mara mbili yake. Na ikiwa ya Japani, wao ni 100, si 110 wala 120. Usichukulie kuwa kishushio cha Marekani na cha Japani ni kitu kimoja.

Jingine ni umeme wenyewe. Wa zamani tunakumbuka Pemba ya majenereta ya Wesha, kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujafika mwaka 2010. Sasa hali nyingine kabisa, lakini ukikatika bado unarudi kwa kishindo. Kinga ya friji uliyoinunulia friji, inunulie na risiva.

Fuoni_Kwetu
Kwani hakuna zinazokubali umeme wote?

Machomane1
Zipo baadhi, zile za soko la Asia, nyuma zina kiswichi cha volti. Hakikisha kiko kwenye 230 au 240 kabla hujachomeka. Hujui nani alikichezea kabla yako.

BiWete
Nyie mnazungumza wati na volti, hakuna hata mmoja aliyesema kama maneno yanasikika. Kwetu risiva kanunua mume wangu, lakini aliyeisomea ni mie. Tulikuwa tukitazama filamu za Kihindi usiku: wakizungumza hatusikii, tunapandisha, ikija nyimbo nyumba inatikisika, mtoto anaamka, tunashusha. Rimoti haikai chini.

Dawa ilikuwa ndani ya risiva siku zote. Kwanza, mazungumzo ya filamu karibu yote yanatoka spika ya kati. Ya kwetu ilikuwa imewekwa ndani ya kabati, imezibwa na picha ya harusi. Nikaitoa nje, nikaielekeza kwenye makochi, nikaiongezea desibeli tatu kwenye menyu. Pili, kuna kitufe cha sauti ya usiku: kinapunguza tofauti baina ya kelele kubwa na mnong'ono. Mwezi wa Ramadhani, watu wanarudi tarawehe wamechoka, mie natazama na hakuna anayeamka.

Kwa hivyo kaka Fuoni, ukiishiwa pesa usiibanie spika ya kati. Zile za nyuma hata ziwe ndogo, za jamaa yako aliyehama, zitatosha.

GhorofaMichenzani
Wa maghorofa, sabufa sahauni. Mie niliiweka chini sakafuni, mzee wa chini akapanda na bakora. Nikaiwekea kipande cha godoro, akapanda tena, safari hii na mkewe. Ipo stoo. Niliiambia risiva kwenye menyu kuwa sina sabufa, besi ikahamia spika za mbele. Inatosha.

FundiWaya
Niko Mwanakwerekwe, naona risiva kila wiki, nitasema ninayoyaona mezani.

Watu wanalipia 4K wasiyoihitaji. Risiva kuukuu haipitishi picha ya 4K, kweli, na wauzaji wanazishusha bei kwa sababu hiyo. Lakini nani kakwambia upitishe picha kwenye risiva? Chomeka king'amuzi na kila kitu kwenye tivi, kisha toa sauti tu kwenda kwenye risiva. Kama ina HDMI ya ARC (inayorudisha sauti kutoka tivi), iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, vizuri. Kama haina, tumia waya wa optiko, ule wenye mwanga mwekundu nchani. Huo nao unabeba 5.1 ya Dolby Digital bila taabu. Ila ingia menyu ya tivi ubadilishe kutoka PCM (hapo inapita sauti ya chaneli mbili tu) uweke Dolby Digital au Bitstream, la sivyo spika za nyuma zitakaa kama mapambo na mteja ananirudishia risiva nzima.

Na usitegemee miujiza kwenye king'amuzi. Vipindi vingi vinakuja na sauti ya chaneli mbili. Risiva ndiyo inayozigawa kwenye spika zote kwa mfumo wa Pro Logic II, na kwa mpira inapendeza, makelele ya uwanjani yanakuja nyuma yako.

Ukienda kununua mtumba, usiwashe dakika tano ukalipa. Nusu saa. Bodi za HDMI zilizochoka zinafanya kazi zikiwa baridi, zikipata moto picha inapotea. Washa usikie *tak* ya rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika), kisha tafuta toni ya majaribio, ile *shhh* inayozunguka spika moja baada ya moja. Chukua na muziki unaoujua. Mie natumia taarab asilia: kanuni (ile ala ya nyuzi) ikisikika kama inapigwa ndani ya debe, kuna kitu. Kitasa cha sauti kikirukaruka usiikatae, ni uchafu, kinapulizwa dawa. Kitumie kushushia bei. Tazama matundu ya spika kama yana kutu ya kijani, hasa ikiwa imekaa nyumba za pwani. Na ichungulie kwa tochi. Mjusi anapenda joto. Anaingia kwenye nafasi za juu, anakanyaga njia mbili za umeme kwa mpigo, anakufa na risiva yako. Nimetoa mijusi zaidi ya ninavyoweza kuhesabu.

Maikrofoni ya kupimia ukumbi kwenye mitumba karibu haipo kamwe. Ya kampuni nyingine haitakupa vipimo sahihi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima umbali wa kila spika hadi unapokaa, andika kwenye menyu.

Fuoni_Kwetu
Narudi na habari. Nimepata ya 5.1, ya Ulaya, nyuma 230V, karibu na Darajani. Nikakaa nusu saa na tochi yangu, muuzaji kanitazama kama polisi. Dakika ya ishirini HDMI ikazima. Alitaka laki tatu na themanini. Nikamwambia mie natumia optiko, nipe kwa laki mbili na thelathini. Akanipa! Zilizobaki nimenunulia spika ya kati na mbili za mbele. Za nyuma kanipa shemeji.

Tatizo moja: inavuma, *mmmm*, muda wote. Nimeunga na king'amuzi moja kwa moja kwa waya nyekundu na nyeupe nisikilize bila kuwasha tivi.

FundiWaya
Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi kisha niambie.

Fuoni_Kwetu
Umenyamaza kabisa. Lakini sasa mpira siuoni.

FundiWaya
Rudisha dishi, toa hiyo nyekundu na nyeupe. Mvumo unapita kwenye shaba. Sauti ije kwa tivi na optiko peke yake, ule ni mwanga, haubebi mvumo.

Fuoni_Kwetu
Kimya. Wallahi kimya, nasikia feni ya jirani. Sasa kuna mjusi ukutani juu ya risiva, ananitazama. Nyavu nyembamba ya kuzibia zile nafasi bila kuzuia hewa naipata wapi?