Mjadala: Je, utani wa makabila una nafasi tunapopingana vikali mtandaoni?

Mkazi wa Nkuhungu: Ndugu zangu, wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Dodoma, tulibishana kuhusu mipaka ya viwanja vilivyopimwa enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Nilisema kwamba wenyeji wasikilizwe kwanza. Mwenzetu mmoja, badala ya kujibu hoja, akaandika: "Nyie Wagogo mmezoea kuomba." Nilipolalamika akasema ni utani. Nauliza: anayepinga hoja kwa nguvu zake zote anaruhusiwa kutania, au adabu inamtaka auweke utani kando mpaka hoja iishe?

Mnyamwezi wa Tabora: Mtani wangu, utani wetu haukuanza na simu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita Ugogo wakielekea pwani, na watemi wenu wakawatoza hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuwaruhusu kuchota maji. Watu waliogombana hivyo, kisha wakaona kwamba wanahitajiana, ndio waliotuachia maneno haya. Mtani hutania hata msibani, na wafiwa humvumilia. Kwa hiyo anayevunja adabu ni yule anayekasirika.

Mwalimu, Kongwa: Habari ya wapagazi sitaijibu. Najibu neno "kuomba", kwa sababu limenichoma. Njaa ya Mtunya, iliyowakumba babu zetu kati ya 1917 na 1920, haikuletwa na uvivu: majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Mtu ambaye ukoo wake ulizika watoto katika njaa hiyo hawezi kulipokea neno hilo kwa kicheko, hasa linapoletwa kumnyamazisha katika jambo la ardhi yake mwenyewe.

Mkazi wa Area C: Mwalimu, pole, lakini tusisahau viwanja. CDA ilivunjwa mwaka 2016, na migogoro mingi tunayobishania ni ya kabla ya hapo.

Mpimaji: Ilivunjwa Mei 2017 na Rais Magufuli, na kazi zake zikapelekwa Manispaa. Kilichotangazwa 2016 ni Serikali kuhamia Dodoma. Asiyejua tarehe asije kutufundisha.

Mkazi wa Area C: Kaka, tarehe nimeipokea na nakushukuru. Sentensi ya mwisho ilikuwa ya nini? Nilikuwa tayari kukubali, lakini tangu niisome nimekuwa nikitafuta kosa lako badala ya kuifikiria hoja yako.

Mpimaji: Naiondoa sentensi hiyo. Tarehe inabaki.

Mama wa Mpwapwa: Najua wapo watakaotaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa matusi ya kibaguzi. Mimi sitaki mtu apelekwe polisi kwa neno moja. Ninachotaka ni ndugu yetu wa Tabora aitazame tena hiyo misiba anayoitaja. Mtani hafiki msibani na mdomo mtupu: hushika jembe akachimba kaburi, husaidia kupika, hulala pale na wafiwa, na utani wake huvumiliwa kwa sababu mikono yake imeonekana. Huyu wa kwenye simu alileta nini zaidi ya neno lake?

Mnyamwezi wa Tabora: Mama, shikamoo. Hapo umenishika. Namuuliza mwanzisha mada: aliyetamka hayo ni mtani wenu kweli?

Mkazi wa Nkuhungu: Hakuna anayejua. Anatumia picha ya ua, jina lake ni herufi mbili, na hakuwahi kutaja kwao.

Mnyamwezi wa Tabora: Basi hana utani na Wagogo. Mtani hujulikana kwao, ili naye arudishiwe utani, na asiyejulikana atarudishiwa nini? Naondoa nilichoandika kuhusu anayekasirika. La msibani siliondoi, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu nikiwa mfiwa, na lilinisaidia.

Mwalimu, Kongwa: Nashukuru kwa moyo huo. Hata hivyo, angekuwa Mnyamwezi wa Tabora mjini, ninayemfahamu yeye na wazazi wake, neno lile katika jambo la ardhi nisingelikubali mpaka hoja ya ardhi ijibiwe kwanza. Hapo bado tunapingana, mtani wangu.