Thredi za BSA ya babu zimekufa, nitoboe niweke M8 ama?

mtoto_wa_tororo:
Wakubwa habari zenu, naomba msaada. Babu alituachia pikipiki ya BSA M20, zile walizotengenezea jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya Hitla, imelala stoo miaka mingi na sasa nimeanza kuifufua pole pole. Magneto inatoa moto, injini inazunguka, hapo sina neno. Kilio changu ni thredi. Kuna mtu zamani alilazimisha bolti ya namba 8 ya boda (M8, yaani ya milimita 8) kwenye tundu moja la kifuniko cha giaboksi, sasa thredi za ndani zimelika zote, ukifunga inazunguka tu haishiki. Stadi (zile bolti zisizo na kichwa, zenye thredi ncha zote mbili) za matundu ya jirani ni nzima, nikizipima unene kwa venia zinasoma milimita 7.9. La pili ni ekseli ya nyuma, mtu aliigonga na nyundo mwishoni, thredi mbili tatu zimelala na nati haitaki kuingia. Nimezunguka maduka ya Tororo mpaka Mbale wote wananitolea M8 na M10, hawana kingine. Fundi wa hapa anasema tutoboe tuweke za boda ya Boxer tumalize kazi. Nimkubalie?

boda_mkongwe:
Mkubalie bwana. Unataka kuiendesha ama kuiweka makumbusho? M8 iko kila duka mpaka kijijini, siku ikikatika njiani unapata nyingine kwa dakika tano. Hizo za Waingereza utaagiza utangoje mpaka uchoke.

lezi_ya_katwe:
Mtoto wa Tororo, usitoboe kwanza!! boda_mkongwe nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe. Fundi anayetaka M8 hajakosea kwa bolti, amekosea kwa tundu. M8 ya kawaida inataka tundu la 6.8 ndio ukate thredi, hilo lako limeshakuwa kama 8 kamili, utakata nini? Hewa? Utaruka mpaka M10, halafu kifuniko nacho utakipanua tundu ili M10 ipite, kesho tundu la jirani likifa unapanua tena, mwisho kesi ya giaboksi, ile ya aluminiamu, imekuwa kama nyumba ya mchwa. Kesi ya M20 huipati kwa maduka ya spea ya Kampala, si Kiseka wala Ndeeba, stadi unachonga leo na leo unaondoka nayo. Kwa hiyo unachonga stadi ifuate kesi.

Sasa fanya hivi kabla hujagusa drili. Ng'oa stadi moja nzima ya jirani, pole pole, ukiipasha moto kesi kidogo inatoka vizuri. Hesabu meno kwenye nusu inchi, yaani 12.7 ya venia, na uhesabu NCHA ZOTE MBILI. Watu wengi wanapima ncha ya nati tu wanaridhika. Waingereza walikuwa wanaweka thredi nene upande unaoingia kwa aluminiamu kwa sababu aluminiamu ni laini, halafu thredi nyembamba upande wa nati. Ukipata meno 13 hiyo ni CEI, thredi za baiskeli na pikipiki zilizowekwa tangu 1902, meno 26 kwa inchi. Ukipata 11 ni BSF, thredi nyembamba ya Kiingereza, hiyo ni 22 kwa inchi. Ukipata 9 ni Whitworth, thredi nene ya Kiingereza, ile ya mzee Joseph Whitworth mwenyewe ya 1841, kwa saizi hiyo ni 18 kwa inchi. Zote tatu zinasoma 7.9 kwa venia maana zote ni 5/16 ya inchi, ndio maana saizi peke yake haikuambii kitu.

Na usidanganyike nati ya M8 thredi nyembamba ikiingia raundi mbili tatu kwenye CEI. Ile ya M8x1 ina hatua (jino mpaka jino) ya milimita 1 na CEI ni 0.977, zinakaribiana sana, mwanzoni inateleza vizuri unafurahi, mbele inaanza kukaba, ukiongeza spana ndio umeua stadi. Nimeona nyingi zimekufa hivyo.

mtoto_wa_tororo:
Asante sana mzee. Nimeng'oa moja na kuhesabu, nimerudia na kijana wangu naye kahesabu. Upande wa nati meno 13. Upande wa kesi meno 9. Banange sikujua stadi moja inaweza kuwa na thredi mbili!

boda_mkongwe:
Haya, nimekaa pembeni nasoma.

lezi_ya_katwe:
Safi. Basi tundu lilikuwa Whitworth 5/16. Una njia mbili.

Ya kwanza, weka koili za Helicoil, zile za waya zinazokaa tunduni kuwa thredi mpya. Kutafuta za Whitworth usihangaike sana, kuna 5/16 UNC ya Kimarekani nayo ina meno 18 kwa inchi, tofauti ni pembe tu, Whitworth ni digrii 55 na UNC ni 60. Kwa kuwa tundu la zamani limeshakufa na stadi tunachonga mpya, hakuna hasara, weka koili ya UNC na stadi tuichonge kwa digrii 60 upande huo. Lakini zile za jirani zilizo nzima usizichanganye na UNC, ziache na Whitworth yake.

Ya pili ndiyo naipenda mimi kwa sababu haihitaji kifaa chochote cha kuagiza: stadi ya ngazi. Unatoboa kwa drili ya 8.5, yaani unakwaruza tu ule uchafu uliobaki, halafu unapitisha tepu (kile kifaa cha kukata thredi tunduni) ya M10 ya kawaida, hatua 1.5. Stadi inachongwa chini M10, juu inabaki 5/16 na CEI yake meno 26. Nati ya babu inarudi, kifuniko hakiguswi, na ukifunga hakuna atakayejua. Angalia tu ukuta wa kesi hapo ni mnene wa kutosha, na lile bega la M10, pale stadi inapopungua kuwa 5/16, lizame kidogo chini ya uso wa kesi, likitokeza hata kidogo kifuniko hakitakaa na oili itavuja. Tumia drili ya meza, ya mkononi itakwenda upande. Tepu ipake mafuta ya taa, aluminiamu inayapenda, rudisha nyuma kila nusu raundi takataka zikatike. Mwisho weka Loctite upande wa kesi.

Kwa fundi atakayechonga: kama lezi yake (mashine ya kuchonga chuma) ina skrubu ya inchi, zile za Kiingereza za zamani, hana tabu. Kama ni ya milimita anahitaji gia ya meno 127, na asifungue ile nati nusu inayoshika skrubu ya lezi mpaka amalize, arudishe kwa kugeuza mota kinyume, la sivyo kila pasi itakata njia yake.

bint_wa_bombo:
Jamani kwa ekseli naomba niseme mimi, marehemu baba alikuwa na BSA Bantam na hii ndiyo ilikuwa kazi yangu nikiwa mdogo. Usiipeleke kwa lezi bado. Chukua nati moja ya thredi hiyo hiyo, hata iliyochakaa, ikate katikati kwa msumeno wa chuma iwe vipande viwili, lainisha palipokatwa. Vivishe kwenye thredi nzima NYUMA ya pale palipogongwa, vibane kwa vaisigripu na grisi nyingi, halafu fungua kuja nje. Inatoka kwenye thredi nzima inainyanyua ile iliyolala. Ukiona imekaba sana, kwanza pitisha tupa ya pembe tatu kwenye bonde lililoziba.

lezi_ya_katwe:
Dada umemaliza. Na hiyo tupa ya pembe tatu ni digrii 60 sawa na CEI, kwa hiyo inakaa bondeni vizuri kabisa. Kwa Whitworth isingekaa sawa.

boda_mkongwe:
Na mtu akiweka gundi ya chuma kwenye lile tundu, ama achomelee kwa welding ya tigi?

lezi_ya_katwe:
Gundi hapana, giaboksi inapata joto na oili, itaachia tu. Tigi inawezekana ila kesi hizo zimekunywa oili miaka themanini, ukiwasha moto inatoka mapovu, na ukizidisha kesi inapinda. Kama kipande kimevunjika kabisa sawa, kwa tundu moja ni kuua mbu kwa rungu.

mtoto_wa_tororo:
Kale, nakwenda na stadi ya ngazi. Nati ya ekseli nina mbili, moja nitaikata leo jioni. Mzee wa Katwe, nikija Kampala nije na nini, ile stadi nzima inatosha?

lezi_ya_katwe:
Lete stadi, nati yake, kifuniko na kesi yenyewe kama unaweza kuibeba. Usije na vipimo kwa karatasi, nachonga huku najaribisha nati.